Mashahidi Watatu wa Rangi

Katika vitu ambavyo mwanadamu huviamini kabla ya kuviuliza, picha ya kamera imo katika safu ya mbele. Neno la mtu husikilizwa kwa sikio moja, na sikio la pili hungoja neno la mwingine. Lakini picha ikiletwa, masikio yote mawili hunyamaza na macho hukata hukumu. Picha ya rangi ina heshima zaidi kuliko picha nyeusi na nyeupe, kwani hudhaniwa kuwa kitu chenyewe kimejileta mbele ya mtazamaji pamoja na mavazi yake yote. Ndiyo sababu, picha ikiingiwa na shaka, swali liulizwalo barazani, magazetini na mahakamani aghalabu huwa moja: Je, picha hii imeguswa, au haikuguswa? Ikiwa haikuguswa huitwa kweli. Ikiwa imeguswa huitwa uongo.

Swali hilo lina sura ya busara. Walakini mtu akijua jinsi rangi za picha zifanywavyo, huona kuwa halikuulizwa vema. Na swali lisiloulizwa vema huweza kumwachilia mkosaji na kumfunga asiye na kosa. Yapasa basi kutazama kwanza namna rangi zinavyokutana katika picha, kisha ndipo ipimwe haki ya mkono unaozikutanisha.

Mtu na atwae picha ya embe bivu lililowekwa juu ya jani la mgomba, mbingu safi ikionekana nyuma yake, aifungue katika programu ya kuhariri picha ndani ya kompyuta. Atakuta kwamba picha ile moja ni picha tatu zilizolaliana, ambazo mafundi huziita chaneli: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Akiifungua kila moja peke yake atashangaa, kwa maana aghalabu hataona rangi yoyote. Chaneli ya nyekundu haina wekundu. Ni picha ya kijivu, ambamo embe limeng'aa kama mwezi na mbingu imekuwa nzito kama wingu la masika. Katika chaneli ya buluu mambo hugeuka: mbingu hung'aa, na embe huwa jeusi kama kaa. Chaneli ya kijani hukaa katikati, ikilipa jani haki yake na kuliacha embe na mwanga wa wastani.

Kila chaneli haisemi ila wingi. Katika kila nukta ya picha hutaja tarakimu moja, kuanzia 0 hadi 255: 0 ikiwa hapana nuru ya aina yake, 255 ikiwa nuru hiyo imejaa. Shavu la embe laweza kuandikwa 240 katika nyekundu, 170 katika kijani na 40 katika buluu. Na tarakimu hizo tatu zikikutana, ndipo manjano ya embe huzaliwa. Zote tatu zikilingana, rangi hutoweka, ikabaki nyeupe, kijivu au nyeusi kwa kadiri ya ukubwa wake. Kutokana na ngazi 256 za kila chaneli hupatikana mapatano 16,777,216, na ndani ya idadi hiyo zimo rangi zote ambazo picha ya namna hiyo yaweza kuzionyesha. Wahenga walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Chungu cha rangi nacho hukaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa moja, chakula humwagika, na yale mawili yaliyobaki hayawezi kueleza kilichokuwa kikipikwa.

Maarifa haya ni makongwe kuliko kompyuta. Tarehe 17 Mei 1861, katika ukumbi wa Royal Institution mjini London, mtaalamu wa Uskoti aitwaye James Clerk Maxwell aliwaonyesha wasikilizaji wake picha ya utepe wa kitambaa cha miraba. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa ameupiga utepe ule picha mara kwa mara kupitia vichujio vya rangi: nyekundu, kijani na buluu. Vioo vilivyopatikana vilikuwa vyeusi na vyeupe. Lakini vilipomulikwa kwa taa tatu, kila kimoja kikipitia kichujio cha rangi yake, na nuru zao zikalazwa mahali pamoja, rangi za utepe zilitokea mbele ya watu. Hapo palithibitika kwamba mashahidi watatu wasio na rangi waweza kutoa ushahidi mmoja wenye rangi.

Habari hiyo ina mkia ambao ni funzo kubwa kuliko kichwa chake. Dawa za picha za wakati ule zilikuwa karibu pofu kwa nuru nyekundu. Kioo cha nyekundu kilikuwa hakina uwezo wa kuona wekundu; basi kilipata wapi habari zake? Jibu lilitolewa baada ya miaka mia. Mwaka 1961 Ralph Evans na wenzake wa kampuni ya Kodak walichunguza jambo lile, wakaonyesha kwamba kichujio chekundu kilikuwa kikipitisha pia mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni lakini dawa za picha huihisi. Na vitambaa vingi vyekundu huakisi mionzi hiyo. Shahidi wa nyekundu, kwa hiyo, hakuwa ameuona wekundu hata kidogo. Alishuhudia kitu kingine kisichoonekana, na ushahidi wake ukaangukia mahali palipostahili. Mwenye kufika mjini si lazima awe aliijua njia. Jambo hili lawaonya wale wasemao kwamba picha ikifanana na kitu basi imekisema kitu kile kwa haki: kufanana ni matokeo, na matokeo mema huweza kuzaliwa na ushahidi uliokosa.

Msomaji mwenye subira huweza kudai kwamba vioo na tarakimu ni vyombo tu, lakini jicho lenyewe huona rangi kama ilivyo. Dai hilo nalo halisimami. Mwaka 1802 Thomas Young alieleza dhana kwamba jicho hupokea rangi kwa vipokezi vya aina tatu, na elimu iliyofuata ilimthibitisha. Jicho lenyewe lina mashahidi watatu, na rangi hufahamika kwa kulinganisha maneno yao. Kwa sababu hiyo mtu atazamaye embe la manjano katika kioo cha kompyuta hapokei nuru ya manjano. Hupokea nuru nyekundu na nuru ya kijani kutoka nukta ndogo zilizokaribiana mno, na jicho, likiguswa kwa kiasi kile ambacho lingeguswa na embe lenyewe, hukubali kwamba limeona manjano. Nuru mbili zilizo mbali kwa asili huweza kuwa kitu kimoja kwa jicho.

Je, ndiyo kusema rangi zote ni udanganyifu? Wapo wanaolifikia neno hilo haraka na kulifurahia, kwa maana humwondolea mtu mzigo: ikiwa hapana kweli, hapana mwongo. Lakini hoja hiyo ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Ramani haina maji, na hata hivyo nahodha aliyepewa ramani mbovu huzama. Kweli ya ramani imo katika uhusiano: kisiwa kilicho kaskazini ya kingine kimechorwa kaskazini yake, na mwamba uliopo haukufutwa. Kweli ya picha nayo imo katika uhusiano wa vitu vilivyokuwapo, nuru iliyoviangukia, na jicho ambalo lingekuwa pale. Uhusiano huo huweza kulindwa, na huweza kuvunjwa. Kwa kuwa huweza kuvunjwa, yupo anayewajibika kwa kuulinda.

Mfano wa ulinzi huo umo katika kazi ya Mrusi Sergei Prokudin-Gorskii. Kati ya mwaka 1909 na 1915, kwa idhini na msaada wa mfalme Nicholas wa Pili, alisafiri katika dola ya Urusi akipiga picha makanisa, misikiti, mito, reli na watu. Kamera yake ilipiga picha tatu moja baada ya nyingine, kila moja kwa kichujio chake, zikapangana wima juu ya kioo kimoja kirefu. Mwaka 1948 maktaba ya taifa ya Marekani, Library of Congress, ilinunua vioo vyake 1,902 kutoka kwa warithi wake, na baada ya kuingia karne hii vikaunganishwa kwa kompyuta. Jiwe na ukuta hutoka katika picha hizo kwa rangi tulivu, kana kwamba zilipigwa jana. Bali penye maji yaendayo, au mtu aliyegeuza kichwa, hutokea pindo za nyekundu, kijani na buluu zilizoachana. Sababu yake ni nyepesi: mashahidi watatu hawakuona kwa wakati mmoja. Wa kwanza aliliona wimbi hapa, wa pili akaliona pale, wa tatu akalikuta limekwisha pita. Kila mmoja alisema kweli, na mkutano wao ukatoa kitu ambacho hakikuwapo kamwe mtoni.

Fundi aziunganishaye picha hizo hana budi kuchagua. Akiziacha pindo, ataheshimu kioo na kulikosea maji. Akizisafisha, ataheshimu maji na kukigusa kioo. Hapa lile swali la kugusa na kutogusa huanza kuonyesha umaskini wake. Hapana njia ya tatu ambayo kwayo fundi aweza kukaa mikono mitupu na bado ikawapo picha ya rangi.

Mtu husema: Hayo ni ya zamani, kamera za leo hupiga mara moja. Ni kweli, lakini kamera nyingi za leo zimebeba dhana kubwa zaidi ndani yake. Zimefuata mpango wa Bryce Bayer, mtumishi wa Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976. Uso unaopokea nuru ndani ya kamera umegawanywa katika vijumba vidogo sana, na juu ya kila kijumba pana kichujio cha rangi moja tu. Katika kila vijumba vinne, viwili ni vya kijani, kimoja cha nyekundu na kimoja cha buluu. Kijani kimepewa sehemu mara mbili kwa sababu jicho hutegemea zaidi nuru ya aina hiyo kutambua mwanga na umbo. Kijumba cha buluu hakijui nyekundu wala kijani ya mahali pake. Hukisiwa, kwa kuulizwa majirani. Kwa hesabu hiyo, katika kila nukta ya picha tarakimu moja imepimwa na mbili zimekadiriwa. Theluthi mbili za rangi ambazo watu huziita ushahidi wa macho ni ijtihadi ya hesabu. Aghalabu makadirio ni mema, kwani vitu jirani hufanana. Hata hivyo picha isiyoguswa, kwa maana kamili ya neno hilo, haipatikani sokoni.

Baada ya makadirio huja mizani. Shati jeupe likipigwa picha usiku kwa mwanga wa kandili, chaneli ya nyekundu hujaa na ya buluu hupungukiwa, na shati hutoka la rangi ya machungwa. Mtu aliyekuwamo chumbani aliliona jeupe, kwa sababu jicho na akili husamehe rangi ya taa. Mhariri huweza kuinua buluu na kushusha nyekundu hadi tarakimu tatu za shati zilingane; hapo weupe hurudi. Lakini akiisha kufanya hivyo, kandili nayo imezimika: chumba kile chenye joto na kivuli kimekuwa kama chumba cha mchana. Haki ya shati imeiba haki ya taa. Mhariri wa pili ataacha manjano kidogo, shati lijulikane kuwa jeupe na usiku ujulikane kuwa usiku. Hapana tarakimu iwezayo kumwambia pa kusimama. Yapasa ajue anamtendea haki nani.

Kutoka hapa ni rahisi kudhani kwamba, maadam kila picha imeguswa, kila mguso ni halali. Kisa kimoja chatosha kulipinga wazo hilo. Mwezi Juni 1994, O. J. Simpson, Mmarekani mweusi aliyekuwa mchezaji mashuhuri, alishitakiwa kwa mauaji, na polisi wa Los Angeles wakampiga picha. Majarida mawili, Time na Newsweek, yaliiweka picha hiyohiyo katika majalada yao ya wiki moja. Newsweek iliitoa kama ilivyopokewa. Time ilimpa msanii, naye akaitia giza, uso ukatoka mweusi zaidi na wa kutisha. Yalipowekwa bega kwa bega katika vibanda vya magazeti, watu wengi walighadhibika. Mhariri wa Time alieleza kwamba hapakukusudiwa maana yoyote ya ubaguzi. Nia ni siri ya moyo, nayo na iachwe kwa mwenyewe; lakini tendo liko wazi. Giza lile halikukadiriwa ili kujaza pengo la kijumba, wala halikurudisha kitu ambacho jicho lingekiona. Mtu aliyekuwa hajahukumiwa alipewa sura ya hukumu.

Basi hapa mguso ulikuwa kosa. Kingine kilicho kigumu zaidi ni kosa lisilo na mguso. Tangu miaka ya 1950 Kodak iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi ya kupimia, iliyokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Watu waliiita kadi ya Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyeonekana humo, na jina hilo likawabakia wanawake wa kadi zilizofuata. Ngozi ya Shirley ikitoka vema, mashine ilihesabiwa kuwa imekaa sawa, na picha za watu wote zilipimwa kwa mizani hiyo. Filamu zenyewe zilikuwa hazina nafasi ya kutosha kwa ngozi nyeusi. Katika picha ya wanafunzi walioketi pamoja, weupe walionekana kwa nyusi na tabasamu zao, na weusi wakabaki macho na meno. Waliopata kuwa watumishi wa kampuni hiyo walisimulia baadaye kwamba msukumo wa kuziboresha filamu kwa rangi za kahawia ulitokana na malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, walioona bidhaa zao hazitofautishwi vema. Mbao na peremende zilisikilizwa kabla ya nyuso. Kadi yenye wanawake wa asili mbalimbali ilikuja katika miaka ya 1990.

Katika miaka yote ile fundi wa picha aliweza kuapa kwamba hakugusa kitu, na kiapo chake kingekuwa cha kweli. Aliipima mashine kwa kadi aliyopewa, akabonyeza, akakabidhi. Dhuluma ilikuwa imekwisha tendeka mbali naye, katika jiwe la mizani. Mfanyabiashara atumiaye jiwe pungufu alilorithi kwa baba yake hana hila mkononi, na hata hivyo kila kilo aiuzayo ina upungufu.

Na ajabu ni kwamba chaneli zenyewe hazikuwa na upendeleo huo. Mtu akipima nyuso za watu wa mataifa yote katika nuru njema ya mchana, atakuta kwa kawaida mpango mmoja: nyekundu ni nyingi kuliko zote, kijani hufuata, na buluu huja nyuma. Mpango huo ni wa uso wa Mnorwe kama ulivyo wa uso wa Mmakonde. Wanachotofautiana zaidi ni kiasi cha nuru inayorudi, kama nyimbo mbili za mahadhi yaleyale, moja ikiimbwa kwa sauti ya juu na nyingine kwa sauti ya chini. Anayesikia ile ya juu peke yake asiseme kwamba ya chini haina wimbo; na autegue mtego wa sikio lake kwanza.

Ikiwa kugusa si kipimo, kipimo ni kipi? Kimoja chaweza kupendekezwa, nacho ni hiki: mwenye kukutanisha rangi na awe tayari kueleza alichofanya mbele ya aliyemo katika picha na mbele ya mwenye kuitazama, akitumia maneno yaleyale kwa wote wawili. Fundi aliyesafisha pindo za maji ya Prokudin-Gorskii atasema: Mto haukuwa na pindo hizi, nimeziondoa, na hapana atakayeona haya. Aliyerudisha weupe wa shati atasema hivyo kwa mwenye shati na kwa mgeni. Lakini aliyeutia uso giza angelazimika kusema maneno mawili, moja kwa mshitakiwa na jingine kwa msomaji. Na waliopanga mizani kwa uso mmoja hawangeweza kumtazama mama mweusi, mkononi ana picha ya mwanawe asiyeonekana, wakamwambia kwamba mashine imekaa sawa.

Yawezekana kupinga kwamba leo rangi hukutanishwa na simu yenyewe katika kufumba na kufumbua, na hapana mtu wa kuulizwa. Pingamizi hili halina nguvu kubwa. Simu haikuzaliwa na mizani yake; ilipewa. Yupo aliyechagua nyuso za kuipimia, na nuru ya kuipimia, na rangi ambayo wanunuzi wangeipenda. Mahali pa hukumu pamehama tu, kutoka chumba cha giza hadi meza ya mpangaji wa hesabu. Na mzigo wa kujibu umehama pamoja nayo.

Wasomi wa elimu ya maadili hupenda kuuliza kama kweli ni kitu kipokewacho au ni kitu kifanywacho. Picha ya rangi hujibu kwamba ni vyote viwili. Nuru hupokewa, mkutano hufanywa. Mashahidi watatu huja kila mmoja na neno lake pungufu, la kijivu, lisilo na rangi, na hapana hata mmoja awezaye kulaumiwa kwa upungufu wake, kwani ndivyo alivyoumbwa. Anayeweza kulaumiwa au kusifiwa ni yule aliyewaketisha pamoja: kama aliwasikiliza wote, kama jiwe lake la mizani lilikuwa kamili, na kama yule aliyesemwa naye alikuwa na nafasi katika baraza.